Eti tunaamini akhera kwa sababu tunaogopa kufa tu?

mtoto_wa_Wete:
Asalam alaykum jamani. Jana usiku barazani kumechafuka. Kuna kijana wetu anasoma chuo bara, kaja likizo na maneno yake, anasema akhera watu wamejitungia kwa khofu ya mauti, eti kuna Freud, daktari wa mambo ya nafsi, aliandika mwaka 1927 kwamba dini inatoka kwenye unyonge wa binaadamu na matamanio yake, anataka baba wa kumlinda basi anamuweka mbinguni, halafu Mmarekani Ernest Becker mwaka 1973 akaja kusema mambo mengi tunayoyahangaikia, vyeo, majumba, majina, ni kuikimbia mauti. Wazee wakamkemea, mmoja kamwambia astaghfiru akabeba kete zake za bao akenda zake. Mie sikupenda, maana kukemewa kakemewa lakini kujibiwa hajajibiwa. Msinambie imani yangu dhaifu, sijauliza hilo. Nauliza hoja yenyewe ina mashiko? Maana kuogopa naogopa kweli, nikipanda boti kwenda Unguja bahari ikichafuka nasoma kila dua nnayoijua, nikishuka Malindi nshazisahau zote.

Chogo_Ngambo:
Muacheni, akipata homa ya siku tatu Yasini ataisoma mwenyewe bila kuambiwa.

mtoto_wa_Wete:
Sasa yakhe hapo si ndo umemsaidia yeye? Keshasema ni khofu!

msomaji_Mkunazini:
Hiyo hiyo Yasini, mmeshawahi kusikiliza mwisho wake au mnangojea sahani ya khitma tu? Aya ya 78 kuna mtu anauliza nani atakaeihuisha mifupa nayo ishaoza. Na sura ya 45 aya ya 24 wanasema hakuna ila uhai huu huu, hakituangamizi ila dahari. Wale Makureshi walikuwa wakifiwa, wakizika, wakililia watu wao, mauti wakiyaogopa kama sisi, na kufufuliwa hawakutaka hata kukusikia. Kama khofu peke yake inazaa imani, mbona kwao haikuzaa? Na nenda kwa Wagiriki wa kale, kwenye mashairi ya Homer, shujaa Achilles yuko kuzimu anasema bora awe kibarua wa maskini duniani kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Mtu anaejitungia faraja ndo anajitungia hiyo?

Na wataalamu wenyewe hawajakaa pamoja. Jonathan Jong na wenzake walikusanya tafiti 100 za baina ya 1961 na 2014, watu kama 26,000, kutazama khofu ya kufa na dini zinakwendana vipi, zaidi ya nusu ya tafiti hazikuonesha uhusiano wowote.

Mie iliyonipendeza ni ya 2004, Jesse Bering na David Bjorklund waliwaonesha watoto mchezo wa vibaraka, panya kaliwa na mamba. Wakaulizwa jee panya bado anahitaji kula? Wengi wakasema hapana. Bado anampenda mama yake? Wengi ndiyo. Na wadogo ndo waliomuachia yule panya mengi kuliko wakubwa. Kwa hivyo hwenda akili yetu tu haiwezi kupiga picha ya akili iliyozimika, hata kabla mtu hajajua kuogopa. Ila msikimbilie hapo pia, maana Rita Astuti na Paul Harris walikwenda Bukini, yaani Madagaska, kwa wavuvi wa Kivezo, utafiti wao ulitoka 2008, wakakuta hadithi ikitaja kaburi na wahenga watu wanasema zaidi kwamba marehemu bado anajua na anakumbuka, ikitajwa maiti tu wanapunguza. Basi mazingira nayo yana sauti kubwa.

Bi_Mwosha:
Wanangu mie si msomi, naosha maiti wa kike huku Mkoani, kazi nlorithi kwa mama. Nnavyoona mie wanaoogopa sana ni hao wanaoamini. Mtu kaambiwa kaburi litambana mbavu zipishane, malaika Munkari na Nakiri wanamngoja wamuhoji, tena hesabu ya kila senti, hiyo faraja gani? Ningekuwa natunga mie ningetunga usingizi tu bas. Lakini nlikuwa na jirani yangu mtu mzima, sanda yake kainunua mwenyewe, nguo zote tano, kaziweka ndani ya kasha na kafuri na chupa ya marashi, kila ukikaribia Ramadhani anazitoa anaanika uani zisiliwe na nondo, wajukuu mbio, yeye anajipimia mbele ya watu anasema mh hii nshanenepa haitanitosha. Huyo anaogopa nini?

Khofu nnayoijua mie ni ya alobaki. Meli ya Spice Islander ilipozama 10 Septemba 2011 huku kwetu kuna nyumba hazikupata hata maiti wa kuosha, watu wamesaliwa sala ya ghaibu. Mama halii kwamba na yeye atakufa, analia mwanawe yuko wapi saa hizi. Akiambiwa aliekufa maji ni shahidi anashika hapo hapo, hakuachii.

ndo_mie_kijana:
Ndo mie huyo wa barazani. Shkamoo bi. Lakini hata majonzi ni haja, bado mnanambia watu wameamini kwa sababu wanahitaji.

Bi_Mwosha:
Marahaba. Haja mie ninazo nyingi, nahitaji bati jipya la jikoni mwaka wa pili huu, mbona sijaanza kuamini kama lishakuja?

ndo_mie_kijana:
😂😂 Bi, bati ukitizama juu unaona halipo. Aliekufa utatizama wapi?

msomaji_Mkunazini:
Hapo ndo umesema kitu. Lakini basi hoja yako si khofu tena kijana, ni kwamba hakuna wa kwenda kutizama akarudi na jibu, na kwa hiyo hukumuhitaji Freud. Na hata ungethibitisha kwamba watu wameanza kuamini kwa khofu, ungekuwa umetueleza habari za watu tu, akhera kama ipo au haipo hujaigusa bado.

Chogo_Ngambo:
Mie nasema bado, ngojeni homa.