Naacha ajira: nianzie wapi kuuza huduma ya takwimu?

Muulizaji, Dodoma: Wakuu, kwenye shirika nachakata takwimu za afya kwa R (programu ya kuchambua takwimu) na KoboToolbox (zana ya kukusanya data). Nataka kujitegemea. Nifungue kampuni au jina la biashara?

Jibu, Arusha: Mkuu, anza na jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na TIN, namba ya mlipakodi, ya TRA. Roho ya kazi hii ni mkataba: nani anasafisha data, ripoti itarekebishwa mara ngapi, malipo ya awali ni kiasi gani. Mteja akikata ile 5% ya kodi ya zuio (kodi anayoikata kwenye malipo yako na kuipeleka TRA), dai cheti cha makato hayo.

Jibu, Mwanza: Na futa majina ya wagonjwa kwenye laptopu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata ukiwa peke yako.

Muulizaji: Malipo ya awali mnaomba ngapi?

Jibu, Arusha: Mimi 40%, kabla sijafungua faili.