Gari la bei ya chini lakini linachemsha: ninunue au niachane nalo?

Baba Watatu

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijafanya jambo la kujutia.

Nimepata gari dogo, injini ya petroli cc 1500, gia otomatiki, lina miaka 14 na limetembea kilomita 186,000. Bei yake ni karibu nusu ya magari mengine ya aina na umri huo. Muuzaji hakunificha kitu, alinieleza mwenyewe kwamba linachemsha. Mshale wa joto ukipanda anazima, anasubiri lipoe, anaongeza maji, anaendelea na safari. Taa ya injini nayo huwaka mara moja moja, shokapu za nyuma zimechoka, na kioo cha upande wa abiria hakishuki. Nililiendesha kama dakika kumi, sikuona shida, ila ukiweka rivasi inachelewa kidogo kushika. Anasema gari la zamani ndivyo lilivyo.

Kinachonisukuma ni mama. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na akitoka pale hana nguvu hata ya kusimama kusubiri usafiri. Akiba yangu inatosha kununua gari hili na kubaki na kama robo ya bei yake kwa matengenezo. Gari zima silifikii kwa sasa. Mke wangu anasema tungoje. Mimi nikimwangalia mama naona kungoja ni kumtesa. Mnanishauri nini?

Mwendo wa Kobe

Mkuu, usinunue. Nakwambia kwa uchungu, sikusomei kitabu.

Nililichukua la kwangu nikiambiwa "ni thermostati tu", kile kifaa kinachoruhusu maji kupita kati ya injini na rediata. Nikabadilisha thermostati, likachemsha. Nikabadilisha rediata, likachemsha. Pampu ya maji, likachemsha. Mwezi wa nne tangu nilinunue ndipo fundi alipofungua akakuta silinda hedi, ule mfuniko mzito wa juu ya injini, imepinda. Nilipopiga hesabu ya vyote, nilikuwa nimeshapita bei ya gari zima ambalo nilidai silimudu. Mwisho nikaliuza kama spea. Na wewe utakuwa umembeba mgonjwa ndani.

Fundi Mstaafu

Baba Watatu, pole kwa mama. Kabla sijasema nunua au acha, nijibu hili: linachemsha wakati gani? Kwenye foleni tu, au hata barabara kuu, hata likipanda mlima?

Nauliza kwa sababu hayo ni magonjwa mawili tofauti. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wenyewe unapoza rediata. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Linalopanda joto kwenye foleni na kushuka likipata mwendo, wa kwanza kushukiwa ni feni: mota yake, rilei (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha), fyuzi, au sensa ya joto. Hivyo havimfilisi mtu. Lakini likichemsha likiwa kwenye mwendo, hapo ni rediata iliyoziba, pampu, au gasketi ya silinda hedi, ile pedi inayoziba kati ya hedi na injini. Gasketi ndiyo inayokula pesa, maana hedi ya alumini ikizidiwa na joto inapinda, na hapo lazima ifunguliwe, ipimwe, isawazishwe uso kwenye mashine. Mwenzangu hapo juu hakukosea kubadilisha thermostati. Alikosea kubadilisha kabla ya kupima.

Jambo la pili, hayo maji anayoongeza yanakwenda wapi? Mfumo wa kupoza umefungwa; ukiwa mzima unakaa miezi hujaongeza kitu. Kama hayadondoki chini, basi ama yanafurika yakichemka, ama yanaingia ndani ya injini na kuungua.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Iguse kwa mkono kabla hajawasha. Ukiikuta ina joto, ahirisha, rudi siku nyingine. Fungua mfuniko wa rediata ikiwa baridi tu, kwa sababu ikiwa ya moto maji yale yana shinikizo na joto lake linaweza kupita nyuzi 100, yatakuunguza uso. Tazama kama kuna utando wa mafuta juu ya maji. Fungua mfuniko wa oili, chomoa na kijiti cha kupimia. Povu jeupe kidogo kwenye mfuniko linaweza kutokana na safari fupi fupi za wakati wa baridi, lakini oili yote ikiwa imepauka na kuwa nzito kama krimu, maji yameshaingia. Akiwasha, simama nyuma uangalie moshi. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanaungua, wa bluu ni oili, mweusi ni petroli iliyozidi.

Halafu fundi wako, si wa muuzaji, apime kwa kile kimiminika cha bluu kilicho ndani ya kichupa kinachowekwa kwenye mdomo wa rediata injini ikiwa inazunguka. Kikigeuka njano, gesi ya injini inavujia kwenye maji. Hapo usibishane na mtu, ondoka.

Baba Watatu

Asante sana, mzee wangu. Nimempigia sasa hivi. Anasema ni foleni tu, na kwenye safari ndefu mshale hautingishiki. Maji anaongeza baada ya kuchemka.

Njia Panda

Mimi niko upande wa kununua. Magari yote ya umri huo yana kasoro, tofauti ni kwamba wengine wanakuficha. Huyu amekutajia nne kwa mdomo wake. Kasoro unayoijua unaipangia bajeti. Feni ikibainika ndiyo mbaya, mpunguzie bei zaidi, tengeneza, mpeleke mama. Shokapu na kioo vinasubiri.

Dada wa Spana

Samahani wakubwa zangu, nimesoma majibu yote na wote mmelikazia macho joto. Mbona hakuna aliyeuliza habari ya rivasi?

Giaboksi ya otomatiki ikiwa nzima, ukiitoa kwenye P kuipeleka R inashika ndani ya sekunde moja hivi. Ikichelewa, shinikizo la oili halijengeki haraka ndani yake. Huenda oili imepungua tu, na hilo ni jambo dogo. Huenda pia sili, mipira inayozuia oili kuvuja, zimekakamaa au klachi za ndani zimelika, na hilo ni kushusha giaboksi na kuifungua yote.

Tena mambo haya mawili yanahusiana. Kwenye magari mengi, oili ya giaboksi inapozwa kwa kupitishwa ndani ya rediata hiyo hiyo ya injini. Maji yakichemka, nayo haipoi. Gari lililochemka mara nyingi kwa miezi limeipika oili ya gia kila mara, na mwenye gari hajui kwa sababu anaangalia mshale wa joto la injini peke yake. Kwa hiyo hata feni ikitengenezwa leo, ule uharibifu wa nyuma haufutiki.

Kaka, dakika kumi hazitoshi. Liendeshe dakika arobaini, lipate moto sawasawa, kisha simama ujaribu rivasi tena ukihesabu sekunde. Angalia pia linapobadilisha gia: mshale wa mizunguko ya injini ukipanda huku mwendo hauongezeki, klachi zinateleza. Kama giaboksi hiyo ina kijiti, nusa oili. Aina nyingi zikiwa mpya ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, umeshapata jibu.

Na ile taa ya injini ipimwe kwa mashine. Kodi, yaani namba za hitilafu zinazotolewa na mashine hiyo, zinazoanza na P07 ni za giaboksi. Mwambie fundi aangalie pia kama vipimo vya ndani, ambavyo gari hujipima lenyewe, vimekamilika. Vikiwa havijakamilika, mara nyingi ni kwamba kuna mtu amefuta kodi siku za karibuni au betri ilitolewa.

Karani

Nyaraka zisisahaulike. Namba ya chesesi iliyogongwa kwenye bodi ilingane na ya kwenye kadi, jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na uhakikishe gari halina mkopo wala kesi. Gari la nusu bei lina sababu, na sababu nyingine hazipo chini ya bonneti.

Baba Watatu

Wakuu, nimerudi. Siku ya kwanza nilikuta bonneti ina joto, nikaomba radhi nikaondoka. Leo nimefika na fundi wangu saa 12 asubuhi, injini ya baridi. Kadi na chesesi viko sawa.

Joto kwanza. Oili safi, maji hayana mafuta, moshi hakuna. Kile kimiminika kilibaki bluu. Fundi akawasha kiyoyozi, ambacho kikiwaka feni ya rediata nayo inapaswa kuzunguka, lakini haikuzunguka. Akaipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikazunguka vizuri. Kumbe mota ni nzima, kasoro ni rilei, kitu cha kushika kwenye kiganja. Nawaambia kweli, nilitaka kumkumbatia muuzaji.

Tukaliendesha. Rivasi ya baridi, sekunde mbili. Baada ya dakika arobaini, sekunde nne, na liliposhika likaruka kwa kishindo. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapiga kelele na gari haliongezi mwendo. Oili ya gia ni nyeusi, na harufu yake niliisikia nikiwa nimesimama pembeni. Kwenye mashine kodi hakuna, lakini vipimo havijakamilika. Nilipomuuliza, akakiri fundi wake alizifuta juzi. Hakuwa na sura ya tapeli, nadhani hakujua maana yake.

Sasa amepunguza tena bei, theluthi nzima. Nimechanganyikiwa.

Fundi Mstaafu

Dada wa Spana ameona nilichopitiliza, na nakubali. Hata hivyo fanya hesabu: bei mpya, ongeza giaboksi, ongeza shokapu. Linganisha na gari zima.

Baba Watatu

Nimeuliza bei ya giaboksi iliyotumika pamoja na kazi. Jumla inafika karibu na gari zima, na ile robo yangu haitoshi hata nusu ya giaboksi.

Dada wa Spana

Na hesabu siku pia. Gari likifunguliwa giaboksi linaweza kulala gereji wiki au zaidi, na mama ana siku tatu kila wiki ambazo hazisogezwi. Zaidi ya hapo, giaboksi ya namna hiyo inaweza kukuacha katikati ya barabara. Mimi nisingempandisha mama yangu.

Mwendo wa Kobe

Mkuu, wakati unaendelea kutafuta, jaribu kupatana na dereva mmoja kwa mwezi mzima. Siku zile zile, saa zile zile. Kwa kazi ya uhakika wengi hupunguza, na atamjua mama, atamsubiri.

Baba Watatu

Nimemwambia muuzaji hapana. Hakukasirika. Fundi wangu amemwonyesha rilei ya feni ili asiendelee kuichemsha injini, na nimemweleza hali ya giaboksi ili naye amwambie atakayefuata.

Dereva nimepata, tumepatana mwezi mmoja kuanzia Jumatatu, na ni nafuu kuliko nilivyokuwa nalipa. Mke wangu amefurahi.

Kuna gari jingine nimeliona, gia za kawaida, kilomita nyingi kuliko hili. Dada wa Spana, kwa gia za kawaida nianze kuangalia wapi?

Dada wa Spana

Anza na klachi. Simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, kanyaga breki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, inateleza. Fanya mara moja tu, usirudie. Kisha lete majibu.