Mume si mti wa kufungia farasi!

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Naufungua uzi huu mguu wangu wa kushoto ukiwa ndani ya beseni la maji baridi, kwa hiyo maneno yakinitoka makali mnivumilie. Kidole gumba kimekuwa rangi ya biringani. Aliyekikanyaga ana kilo mia mbili na ushei, anaitwa Toffee, na wala hakugeuka kutazama amekanyaga nini.

Kwa msionijua, mimi mtu wa Lamu, naishi Devon, Uingereza, huu mwaka wa tisa. Mke wangu mwenyeji wa huku. Alikuja Lamu akawapenda punda kabla hajanipenda mimi, na wallahi sina hakika kama hesabu hiyo imewahi kubadilika. Shirika la punda lililofungua kliniki kwetu mwaka 1987 makao yake yako Sidmouth, huku huku Devon, basi ukweni kwangu, jina la Lamu ni la kawaida mezani. Ndipo balaa lilipoanzia. Kila mtu hapa ameshajiwekea kichwani kwamba mimi, kwa kuwa nimekua kwenye vichochoro vya punda, ni fundi wa farasi. "Mume wangu amelelewa na punda," ndivyo anavyonitambulisha kwa watu. Nimelelewa na mamangu!

Punda wa kwetu mnawajua. Umemtandika shogi, umemjaza mchanga au mawe, anapita kati ya kuta mbili kifua kinagusa huku na huku, na akiogopa kitu anaganda. Utamsukuma, utambembeleza, utamtukania ukoo, yeye amesimama. Farasi si hivyo. Farasi mfuko wa nailoni ukipepea kwenye ua, yeye ameshaondoka, na kama ulikuwa umemshika, nawe umeshaondoka naye. Mtu akinipa farasi nimshike kwa sababu nawajua punda ni sawa na kumpa mvuvi wa ngalawa usukani wa basi.

Na huyu Toffee si farasi wa kawaida, ni poni, yaani farasi mdogo, wa nyika za milimani Dartmoor, huku huku Devon. Kule nyikani poni wana wenyewe, lakini wanaishi nje mwaka mzima, mvua yao, theluji yao. Ikifika vuli wenyewe wanawakusanya, wanachagua wa kubaki na wa kuuza. Wengi wa wanaouzwa hawajawahi kuguswa na mkono wa mtu, na bei yao inaweza kuwa ndogo kuliko bei ya tandiko watakalokuja kuvalishwa. Mke wangu akaona macho, akaona nywele za usoni, akaona bei. Binti yetu alikuwa na miaka sita. Akampa jina la peremende. Utamu wenyewe uliishia kwenye jina.

Sasa lalamiko langu hasa, maana najua mmeshaanza kuandika "we mkuu kataa tu". Silalamiki kuombwa msaada. Mke na mume kusaidiana ni wajibu. Nalalamikia sentensi moja: "Nishikie dakika moja tu." Wenye waume au wake wapenda farasi mnaijua. Haiji wakati mnyama ametulia anakula nyasi, jua limetoka, ndege wanaimba. Inakuja wakati daktari wa mifugo ameshatoa sindano. Inakuja usiku, upepo unavuma, poni mmoja ametoroka na mwingine anaruka. Kwa ufupi, mimi asiyejua ndiye ninayeitwa pale ambapo anayejua ameshindwa. Na ninakabidhiwa kamba bila neno jingine lolote, kisha nikikosea ninafokewa mbele ya watu.

Mara ya kwanza niliizungusha kamba mkononi, kama ninavyomshika mbuzi wa Idi. Toffee akasikia lori. Ngozi ya kiganja ikabaki kwenye kamba, na wiki nzima sikuweza kukunja ngumi wala kufinya tonge. Ndipo nikaambiwa, mkono ukiwa kwenye bandeji, kwamba kamba ya farasi haizungushwi mkononi hata siku moja: ya ziada unaikunja mikunjo na kuishika katikati, ili akivuta uachie. Na kwamba watu huvaa glavu. Glavu zenyewe zilikuwa zinaning'inia mlangoni pa banda, jozi mbili, muda wote ule!

Mara ya pili nilimwonea huruma nikamfungulia aingie kwenye majani mabichi ya Aprili. Nikapigiwa ukelele kama nimemtilia sumu. Kumbe majani ya majira ya kuchipua yana sukari nyingi, na poni wa asili kama hawa wakiyala ovyo wanapata laminaitisi, kwato zinawaka kwa ndani, mnyama anasimama ameegemea nyuma kwa maumivu, na wengine hawaponi. Haya, nimeelewa, ni jambo zito. Lakini nani aliniambia kabla? Mtu aliyekulia kisiwani ambako punda akiona jani bichi ni sikukuu, atajulia wapi kwamba jani linaua?

Jumamosi iliyopita ndiyo iliyonileta hapa. Mtoto ana mkutano wa wapanda poni, saa nne kamili, mwendo wa dakika arobaini. Trela la kuazima. Mvua. Saa moja na nusu tuko uwanjani, saa tatu bado tuko uwanjani. Toffee anafika kwenye ngazi ya trela, anaweka miguu miwili ya mbele, anafikiri, anashuka. Mke wangu mbele anavuta kamba huku anamkodolea macho. Mama mkwe pembeni anatikisa ndoo ya chakula. Mama mkwe hana habari na farasi kama mimi, ila yeye hafokewi, umri umemlinda. Binti analia kimyakimya, kile kilio cha mtoto aliyekwisha kujua kuwa amechelewa.

"Baba, simama nyuma umsukume kidogo."

Nyuma! Ya farasi! Jamani, nimesoma mwenyewe usiku kwenye simu, hakuna aliyenifunza: macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu duara lote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Yaani pale pale ambapo hanioni ndipo nilipotumwa nikasimame na kumsukuma makalio. Nikasimama kwa pembeni kidogo, mkono mgongoni, nikawa namsemesha Kiamu. Sijui ni Kiamu, sijui ni njaa, akaingia. Wote tukashusha pumzi.

Sasa sikilizeni kosa lilipo, maana nimehukumiwa mimi. Kwenye trela kuna ufito unaofungwa nyuma ya mnyama. Ule ndio hufungwa kwanza, halafu ndipo kichwa kinafungwa kamba. Wakati wa kushusha ni kinyume chake, unafungua kichwa kwanza, halafu ufito. Sababu ni nyepesi: farasi aliyefungwa kichwa na nyuma kuko wazi akirudi nyuma anahisi shingo imekabwa, anapagawa, anavuta kwa nguvu zote mpaka kitu kikatike. Mke wangu, kwa haraka zake, akamfunga kichwa. Mimi bado nauokota ufito chini, sijui hata unaingia wapi. Toffee akarudi nyuma, kichwa kikakwama, akapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia nayo, kile kiuzi cha marobota ya nyasi walichokifunga pale makusudi kikakatika (na kazi yake ndiyo hiyo, kikatike kabla ya shingo), akatoka kinyumenyume kama tishali lililokatika amari. Mimi niko kwenye ngazi. Kwato moja ikatua kwenye raba yangu. Raba! Hata buti zenye chuma mbele sijawahi kununuliwa, na poni ana mablanketi matatu, la mvua, la baridi na la nzi.

Mmenielewa mpaka hapo? Basi la kwanza nililosikia, nikiwa nimekaa kwenye tope nimeshika mguu, si pole. Ni "Kwa nini ulisimama hapo?" Na wanawake wawili wa banda la jirani wakatikisa vichwa kunisikitikia, si kwa mguu, kwa ujinga wangu. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Ya mwenye farasi ni kukuambia ulishika vibaya.

Na msiniambie wenye farasi hawana muda wa kufundisha. Mwaka jana fundi wa kwato alikuja, mzee mmoja hivi wa maneno machache, mke wangu kazini, nikabaki mimi na Toffee na hofu yangu. Mzee akaniangalia tu akajua. Akaniambia: simama upande niliopo mimi, usisimame upande wa pili. Akianza fujo, mvutie kichwa chake kwako, makalio yatakwenda kule, mbali na sisi wote wawili. Usimtazame machoni. Pumua. Basi. Dakika mbili! Tukamaliza kwato nne, hakuna aliyelia. Mtu baki, ninayemwona kila baada ya wiki sita au nane, alinifunza kwa dakika mbili yale ambayo nyumbani kwangu hayajasemwa kwa miaka mitatu.

Nimeshagundua kitu kingine, na hiki nakisema polepole kwa sababu huenda akapitia uzi huu na kutafutiwa tafsiri. Mke wangu anamwogopa Toffee. Si sana, lakini anamwogopa. Mtu asiyeogopa hahitaji mume amshikie. Angeniambia hivyo tu, "namwogopa leo, njoo tuwe wawili," ningekwenda pekupeku. Ila kwa watu wa farasi kuogopa ni aibu, basi hofu inapewa mume, ikishakuwa mkononi mwa mume inaitwa uzembe.

Wenzangu mlioko huku, na nyinyi wa Ujerumani na Uholanzi maana najua mpo, mmefanyaje? Kuna shemeji yangu, mume wa dada yake mke wangu, yeye kila likija trela anapata maumivu ya mgongo. Miaka kumi mgongo haujapona. Mimi kudanganya siwezi, na kuna binti. Yeye peke yake, siku ile, alinivua ile raba taratibu, akaniuliza kama Toffee ameniumiza au amekosea tu. Nikamwambia amekosea tu.

Nimeandika masharti yangu kwenye karatasi nikayabandika kwenye friji: glavu, buti, kofia ngumu, na nielezwe kabla, si baada. Mke wangu amesoma, amenyamaza, amebandika juu yake tarehe ya fundi wa kwato. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini, na msinicheke.