Kimeng'enya kimoja, sukari mbili: inawezekanaje?

Swali
Ndugu wanajukwaa, miaka yote nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) na sukari yake ni kama kufuli na ufunguo. Sasa nasoma kuhusu Sulfolobus solfataricus, arkea (kiumbe wa seli moja anayefanana na bakteria) wa chemchemi za asidi za Solfatara karibu na Napoli, Italia, anayestawi kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na naambiwa kwamba vimeng'enya vinavyovunja glukosi ndivyo vinavyovunja galaktosi pia. Hilo linawezekanaje? Je, ni joto linalovilegeza?

Jibu la 1
Mwalimu, sukari hizo zinatofautiana mahali pamoja tu: haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoungana) ya kaboni ya nne imeelekea upande mwingine. Bakteria Escherichia coli hulazimika kuigeuza kwanza galaktosi iwe na umbo la glukosi, kwa vimeng'enya vya kazi hiyo pekee. Sulfolobus hahangaiki hivyo. Kimeng'enya cha kwanza huondoa haidrojeni, cha pili huondoa maji, na cha tatu, aldolasi, hukata mnyororo kati ya kaboni ya tatu na ya nne. Hapo ndipo penye utamu, kwa sababu kaboni ya nne ikishakatwa hugeuka kuwa aldehaidi, ambayo haina tena upande wa kuelekea, na tofauti yote iliyokuwapo hufutika. Sukari zote mbili huishia kuwa molekuli ndogo zilezile, piruveti na gliseraldehaidi.

Jibu la 2
Nakubaliana na aliyetangulia, ila hilo la kulegea silikubali. Protini za viumbe wa joto hufungwa kwa vifungo vingi vya ndani, hata kwenye joto la kawaida la chumba huwa zimekakamaa na kufanya kazi kwa uvivu mkubwa. Zikifika nyuzi 80 ndipo hupata mtikisiko ambao zile za Escherichia coli huwa nao kwenye nyuzi 37. Kupokea sukari mbili ni suala la umbo la tundu la kimeng'enya, na wapo viumbe wa joto wenye vimeng'enya vinavyochagua sana.

Muuliza swali
Nashukuru, wakuu. Je, nikiwapeleka wanafunzi kwenye chemchemi za moto za Ziwa Bogoria, Kenya, tutakuwa tumefika nyumbani kwake?

Jibu la 1
Hapana, Mwalimu. Maji ya Bogoria ni ya magadi, na huyu anataka asidi ya pH 2 hadi 4.