Naomba ushauri: jedwali la mechi za Arthur Wharton

Wakuu, naandaa wasifu wa Arthur Wharton, golikipa aliyezaliwa Accra mwaka 1865, yule aliyekimbia yadi 100 kwa sekunde 10 pale Stamford Bridge mwaka 1886. Kinachonikwamisha ni jedwali la mechi. Preston North End aliwadakia Kombe la FA msimu wa 1886/87, kabla ligi ya England haijaanza 1888, kwa hiyo anayemweka kwenye kikosi cha Preston kilichokuwa bingwa wa kwanza wa ligi anakosea. Sheffield United 1894/95 alikuwa akisubiri nyuma ya golikipa namba moja, Foulke, pandikizi la mtu. Stockport County 1901/02 ni daraja la pili. Mechi za Rotherham Town niziweke safu ya ligi au pembeni? Na magazeti yakitaja jina la ukoo tu, mnahakikishaje si Wharton mwingine?