Mrejesho: Kumtafuta Mungu huku mtoto anaumwa

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi mama wa Masasi niliyeuliza nimtafuteje Mungu wakati mwanangu mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) analia maumivu usiku kucha na maombi yangu naona hayafiki.

Aliyenijibu kwamba nina dhambi ya siri asome Ayubu 42:7. Mungu aliwakasirikia marafiki wa Ayubu waliodai anateseka kwa dhambi zake, siyo Ayubu aliyelalamika.

Aliyenipa Zaburi ya 88, ubarikiwe mno. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia! Nikaona basi hata mimi naruhusiwa. Sasa nasali hivyohivyo huku nikimkanda miguu: Bwana, nimechoka, mbona kimya? Sipambi maneno. Ajabu ni kwamba tangu nianze kumlalamikia, ndipo naona naongea na mtu.

Nilikwenda pia Ndanda kwa watawa. Sista mmoja akanikumbusha Paulo: aliomba mara tatu mwiba wake (mateso ya mwilini) uondoke, haukuondoka, akapewa neema. Akasisitiza nisiache dawa wala kliniki (kuna watu walishaanza kunishauri niache).

Ila kwenye ule ushauri wa "shukuru kwa ugonjwa" sijafika, wala sidhani nitafika. Nashukuru kwa mtoto.

Maumivu bado yanamrudia, hasa baridi ikiingia. Maji mengi na asidi ya foliki tunaendelea. Jumuiya wanakuja, na jirani mmoja hukaa naye nilale kidogo. Mwenye zaburi nyingine kama ile anitajie.