Mjadala: Swali la mbunge lina uzito gani waziri akishaketi?

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo huibuka kila Bunge linapokutana, iwe Dodoma au Nairobi. Je, swali la mbunge kwa waziri kuhusu ajira, afya, mikopo ya wanafunzi au mbolea lina faida yoyote kwa mwananchi, au limebaki kuwa desturi ya kufungulia kikao? Wapo wanaotaka kipindi cha maswali kifutwe na muda wake wapewe wajumbe wa kamati, kwa hoja kwamba waziri husoma majibu aliyoandikiwa na watumishi wa wizara, mbunge hushukuru, na mambo hubaki palepale. Mimi nataka kibaki, ingawa nakiri kwamba kwa namna kinavyoendeshwa sasa, wanaokilaumu hawajakionea.

Tuanze na Katiba, kwa sababu watu husahau kwamba waziri anapojibu hamfanyii mbunge hisani. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na madaraka ya kwanza yanayotajwa hapo kwa ajili ya kazi hiyo ni kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali limetangulia hata kujadili bajeti. Kwa hiyo anayetaka kipindi hiki kifutwe atueleze wananchi watapata wapi tena nafasi ya kumsikia waziri akijibu jambo asilolichagua mwenyewe.

Sasa tuitazame hali ilivyo. Nitatoa mfano wa kutunga, lakini aliyezoea kusoma Taarifa Rasmi za Bunge ataitambua sauti yake. Mbunge anauliza: Je, Serikali ina mpango gani wa kumalizia zahanati zilizojengwa kwa nguvu za wananchi? Naibu Waziri anasimama, kwa niaba ya Waziri anaomba kujibu kama ifuatavyo, kwamba Serikali inatambua umuhimu wa kusogeza huduma karibu na wananchi, na itaendelea kutenga fedha za kukamilisha maboma hayo kadiri zitakavyopatikana. Ukilichambua jibu hilo utaona halina kiasi, halina tarehe, wala halimtaji mtu wa kuulizwa baadaye. Neno «itaendelea» linadai kwamba kazi ilishaanza, na «kadiri zitakavyopatikana» linamwondolea msemaji wajibu wa kuimaliza. Hakusema uongo, na hakujibu.

Lakini tusimlaumu yeye peke yake, kwa maana swali lenyewe ndilo lililompa mwanya. Anayeulizwa «ina mpango gani» atajibu kwamba mpango upo. Mbunge angeuliza ni maboma mangapi ya zahanati katika halmashauri yake yamesimama bila kuezekwa, kila moja limetengewa kiasi gani katika mwaka huu wa fedha, na kiasi gani kimekwisha kupelekwa, Naibu Waziri angelazimika ama kutoa tarakimu ama kukiri mbele ya wote kwamba hanazo. Hapo maswali mawili ya nyongeza, ambayo wengi huyatumia kupongeza na kuomba barabara ya mahali pengine, yangepata kazi yake halisi, yaani kurudi kwenye sehemu ya jibu iliyorukwa. Wizara inalijua swali la msingi mapema na inaliandalia jibu. Swali la nyongeza ndilo linaloonyesha kama waziri anaijua wizara yake.

Anayetilia shaka nguvu ya tarakimu amkumbuke Helen Suzman wa Afrika Kusini. Kuanzia 1961 hadi 1974 alikuwa mbunge pekee wa chama chake katika Bunge la ubaguzi wa rangi, na hakuwa na kura ya kuzuia muswada wowote. Silaha aliyokuwa nayo ni maswali: wangapi wamekamatwa kwa sheria za pasi, zilizowalazimisha Waafrika kubeba vibali vya kutembea, wangapi wamo kizuizini, wangapi wamehamishwa kwa nguvu. Majibu yakaingia katika kumbukumbu rasmi, yakawafikia waandishi wa habari, na Serikali haikuweza kuyakana kwa sababu ni yenyewe iliyoyatoa. Waziri mmoja alipomshutumu kwamba anauliza ili kuiaibisha nchi ng'ambo, alimjibu kwamba kinachoiaibisha nchi si maswali yake, ni majibu yao. Ninapomsikia mtu akisema mbunge mmoja asiye na wenzake hawezi kitu, humfikiria mama huyu akiwa peke yake kwenye benchi lake.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani wangu ni ya chama. Wanasema mbunge wa chama tawala hawezi kumbana waziri wa chama chake, hasa mahali ambapo mawaziri wenyewe ni wabunge na wanakaa ukumbini pamoja naye. Hofu hiyo ipo, lakini haijawafunga watu wote. Mwishoni mwa 1957 nchini India, aliyeuliza kwa nini Shirika la Bima ya Maisha, mali ya umma, lilinunua hisa za kampuni za mfanyabiashara mmoja zilizokuwa taabani, alikuwa Feroze Gandhi, mbunge wa chama tawala na mkwe wa Waziri Mkuu Nehru. Uchunguzi ukafanyika hadharani, na mwaka uliofuata Waziri wa Fedha akajiuzulu. Tanzania nayo, Kamati Teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond iliongozwa na mbunge wa chama tawala, na Februari 2008 Waziri Mkuu na mawaziri wawili wakaondoka madarakani. Nakubali kwamba hapo nguvu ilitoka kwa kamati. Hata hivyo kamati ya namna hiyo haiundwi pasipo watu kuanza kwa kuuliza na kukataa jibu la juujuu.

Niseme pia kuhusu kushika shilingi, kwa sababu hapo tunao utaratibu wetu mzuri ambao tumeuacha ulegee. Wakati wa kujadili makadirio ya bajeti ya wizara, mbunge asiyeridhika na maelezo hutoa hoja ya kuondoa shilingi katika mshahara wa waziri, na wabunge wenzake husimama kumuunga mkono ili hoja ijadiliwe. Hata wasiofuatilia siasa huielewa lugha hiyo, kwamba hupiti hapa mpaka ujibu. Tatizo ni jinsi shilingi inavyorudi. Mara nyingi waziri huahidi kulifanyia kazi jambo hilo, mbunge hutamka kwamba anairudisha shilingi, na bajeti hupita. Ahadi iliyomshawishi airudishe haina tarehe, na mwaka unaofuata huisikii ikiulizwa kwa maneno yake yaleyale.

Wanaotaka kila kitu kipelekwe kwenye kamati waiangalie Kenya kwa makini. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni na kuwataka wafike mbele ya kamati wanapoitwa. Kamati zina muda na zinaweza kudai nyaraka, sibishani na hilo. Lakini wabunge wakalalamika kwamba maswali ya wananchi wao yanachelewa kupata majibu na kwamba waziri haonekani. Desemba 2022 Rais Ruto mwenyewe akawaandikia maspika akipendekeza mawaziri wafike ukumbini kujibu, Kanuni za Kudumu zikarekebishwa, na mwaka 2023 utaratibu huo ukaanza. Miaka kumi ya majaribio iliwafundisha kwamba kamati haiwezi kuchukua nafasi ya ukumbi. Na tusidhani kwamba ukumbi nao unatosha: mwaka 2024, katika sakata la mbolea bandia, Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, kisha kamati ya wabunge 11 ikaona kwamba tuhuma hazikuthibitishwa, na hoja ikaishia hapo. Mkulima aliyekwisha kuutia unga ule shambani alihitaji kujua nani aliupitisha na nani atamlipa.

Kwa maoni yangu kasoro kubwa haimo ndani ya swali wala ndani ya jibu. Imo katika siku zinazofuata, kwa sababu hakuna anayelazimika kuirudia ahadi. India waliliona jambo hili mapema. Tangu 1953 baraza lao la chini lina kamati ambayo kazi yake ni kuzikusanya ahadi ambazo mawaziri wamezitoa wakijibu, kuipa wizara miezi mitatu kuzitekeleza, na kuiita ijieleze ikishindwa. Wizara nyingi huomba kuongezewa muda, na hilo lisitukatishe tamaa, maana kuomba muda ni kukiri kwamba deni lipo.

Napendekeza nasi kila neno «tutafanya» linalotamkwa na waziri liandikwe katika daftari la wazi, pamoja na jina la wizara, tarehe na swali lililolizaa, na kila mkutano wa Bunge uanze kwa kusomwa yale ambayo muda wake umepita. Daftari hilo nisingependa likae serikalini, kwa kuwa mdaiwa hatunzi daftari la mdai wake. Nasita kati ya Ofisi ya Spika, ambayo ina watumishi na kumbukumbu zote, na kamati inayoongozwa na mbunge wa upinzani, ambayo ina sababu ya kuwa kali lakini inaweza kunyimwa ushirikiano. Kwa sasa naelemea kwenye kamati, na ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kufanya kazi na kamati za Bunge kama inaweza kupewa watumishi wake yenyewe, ili isitegemee wizara ileile inayoidai.